Rufaa Kabla Ng'ombe Hajakauka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo, taipureta iliyokuwa ikiruka herufi, na ukurasa mmoja wa mwenendo wa shauri niupige chapa. Mwenendo ni yale yote yaliyosemwa mbele ya hakimu, kama hakimu mwenyewe alivyoyaandika kwa mkono wake. Wakati huo mahakimu waliandika kila kitu kwa kalamu, na sisi tuliokaa masjala, yaani chumba cha majalada, ndio tulioyageuza maandishi yao yakasomeka. Ule ukurasa mmoja ulinichukua siku nzima. Kila nilipokosea herufi nilichomoa karatasi nikaanza upya. Jioni Karani Mkuu, mama wa makamo kutoka Upare ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alikuja akatazama kapu la taka, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo mama," nikasema, ingawa nilikuwa nimemwamkia asubuhi.

"Marahaba. Mwanangu, unaandika Biblia?"

"Hapana, mama."

"Basi neno likikosewa likate kwa mstari, andika la kweli juu yake, weka saini ndogo pembeni, endelea. Karatasi za serikali zinakwisha."

Nilisema ndiyo, na sikufanya hivyo. Ilipita miaka kadhaa bila mimi kufanya hivyo. Ninyi makarani vijana mnaonisoma mnafuta neno kwa kidole na hakuna anayejua kama lilikuwepo, kwa hiyo huenda mtanicheka. Lakini nieleweni. Sikusomea ukarani chuoni. Nilijifunza kupiga chapa kwenye kipande cha boksi nilichochora vibonye, na Kiingereza cha mahakama nilikisoma usiku kwa usiku katika kamusi niliyoazimwa na mchungaji wetu pale Lemara. Niliamini kwamba aliyesoma ana haki ya kukosea mara moja moja, na aliyejifundisha mwenyewe hana. Kupeleka karatasi kwa mkubwa hakukuwa safari ya mara moja. Nilikagua tarehe, nikarudia kukagua, nikafika mlangoni, nikarudi kukagua tena.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kwa mtu wa masjala mabadiliko yale hayakuonekana madukani tu, yalionekana pia katika mashauri ya ndoa. Zamani mume aliyeamriwa kutunza watoto alikuwa mwajiriwa wa kiwanda au wa shirika la umma. Mahakama ilimwandikia mwajiri, mshahara ukakatwa, mambo yakaisha. Sasa viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Mwanamume aliyepunguzwa kazini alifungua duka, akanunua gari la mizigo la kwenda Namanga, akajenga, na siku ya kusimama mbele ya hakimu akaapa kwamba hana kitu. Duka ni la kaka yake. Gari ni la rafiki. Yeye anasaidia tu.

Na shauri la talaka halikuwa jambo la wiki moja. Kabla ya kutufikia lilipita kwa wajomba, likapita kwa wazee wa kanisa, likapita baraza la usuluhishi la kata. Likishatufikia, hakimu alitoa kwanza amri ya muda: wakati shauri linasubiriwa, nani akae wapi, nani alishe watoto, mali ipi iwe mikononi mwa nani. Ni ya muda kwa jina. Nimeona watoto waliomaliza shule ya msingi chini ya amri ya muda.

Asiyeridhika na amri hiyo alikata rufaa Mahakama Kuu. Sisi tulipaita "juu", ingawa palikuwa mwendo mfupi tu wa miguu. Rufaa ilikuwa na desturi yake. Jalada zima lilifungwa kwa uzi likapelekwa juu, lakini halikwenda mpaka limekamilika: mwenendo wote umepigwa chapa, hati ya baraza imo, cheti cha ndoa kimo, kila ukurasa una namba. Likishakwenda, shauri lenyewe la talaka lilisimama, kwa sababu hakimu hakuwa na jalada mbele yake. Mtu akija dirishani kuuliza tarehe, jibu lilikuwa moja, "Jalada liko juu." Kwa hiyo mama aliyekata rufaa kwa ajili ya chakula cha watoto alijikuta ameizuia na talaka yake. Na baba aliyetaka kuchelewesha talaka alijua la kufanya: akate rufaa kuhusu chakula cha watoto. Hakuna aliyeipanga desturi hii kwa ubaya. Sote tuliikuta.

Mwanamke aliyenifanya niitazame upya desturi hiyo nitamwita Mama Anaeli, ingawa si jina lake. Alikuwa ameolewa mlimani, mashariki ya Meru. Mumewe alikuwa mtunza stoo kiwandani, akapunguzwa, akafungua duka la vifaa vya ujenzi Ngarenaro, akampangia mwanamke mwingine chumba nyuma ya duka. Mbele ya hakimu aliapa kwamba duka ni la kaka yake. Hakimu hakuwa na namna ya kulikataa hilo siku ile. Akaamuru kwamba mume atoe kiasi kidogo cha matunzo kila mwezi, na mali yote ibaki ilipo mpaka shauri liamuliwe. Kubaki ilipo maana yake ng'ombe wao wa maziwa abaki nyumbani kwa mume, ambako mama mkwe alikuwa akiishi, wakati Mama Anaeli na watoto wako chumba cha kupanga mjini.

Lazima niwaeleze habari ya ng'ombe, maana bila hiyo hamtaona uzito wa jambo. Alikuwa ng'ombe wa kisasa, wa kufungiwa bandani na kukatiwa majani ya mabingobingo, na Mama Anaeli alimlea tangu akiwa ndama. Upande ule wa mlima, maziwa ya asubuhi huuzwa na fedha yake ni ya baba. Maziwa ya jioni ni ya mama. Watoto hunywa, yanayobaki huwauzia majirani, na hakuna mwanamume anayeuliza yamekwenda wapi. Daftari, sare, sabuni, sadaka ya Jumapili, vyote vilitoka katika maziwa ya jioni. Amri ile, bila kuyataja hata kwa neno moja, ilimnyang'anya hayo. Ndiyo maana akakata rufaa, na ndiyo maana akawa anakuja dirishani kwangu.

"Karani, habari za kazi?"

"Nzuri, mama." Nilikuwa nimeikariri namba ya shauri lake. "Mwenendo bado unapigwa chapa. Njoo mwezi ujao."

"Mwezi ujao," akarudia bila kubisha. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Lemara."

"Kwenu mlifuga?"

"Kuku, mama."

"Ndiyo maana." Akaegemeza kiwiko dirishani. "Basi nikufundishe. Yule ng'ombe ana mimba. Akikaribia kuzaa hakamuliwi, anaachwa apumzike. Hiyo ni kawaida, sina ugomvi nayo. Lakini tangu niondoke anakamuliwa na mikono asiyoijua. Ng'ombe akishikwa na mikono asiyoijua haachii yote. Na maziwa usiyoyatoa leo, kesho hayatengenezi tena. Atakauka kabla ya siku zake. Sasa hilo jalada lenu likifika huko juu, Jaji atanipa nini? Atanipa chuchu kavu. Nitakuwa nimeshinda rufaa na watoto wanakunywa chai ya rangi."

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akasema, "Mama, huyo karani ndiye wa kukamuliwa. Naye haachii." Watu wakacheka. Hata Mama Anaeli alicheka kidogo, akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Jalada lake lilikuwa mezani kwangu wakati anasema hayo. Mwenendo ulikuwa nusu. Ukurasa wa ushahidi wake nilikuwa nimeuanza mara kadhaa na kuuchomoa kila mara. Nilipokaa peke yangu nilijiuliza ninaogopa nini, na jibu halikunipendeza. Niliogopa kosa kuliko kuchelewa, kwa sababu kosa lina jina la mtu na kuchelewa hakuna jina la mtu. Karatasi yenye kasoro ingerudi na watu wangeuliza ni nani aliyeipiga. Ng'ombe akikauka, hakuna mtu duniani angeuliza ni karani gani.

Nikaenda kwa Karani Mkuu.

"Mama, hivi ni lazima jalada zima liende juu?"

"Nimelikuta likienda zima. Aliyenifundisha alilikuta hivyo."

"Nani anaweza kubadilisha?"

Alifikiri, akivua na kuvaa miwani yake. "Mimi siwezi. Hakimu Mfawidhi hapendi mapya. Msajili wa kule juu sijui, hajawahi kuulizwa." Halafu akakusanya vitu vyake mezani. "Mimi kesho nina kliniki ya macho. Sitakuwepo kuona nani katoka, kaenda wapi."

Lazima mjue kwamba karani wa daraja langu hakwenda kwa Msajili. Msajili wa Wilaya ndiye mwanasheria anayesimamia shughuli za Mahakama Kuu mahali pale, ndiye anayepanga Jaji gani asikilize nini na lini. Neno letu lilipaswa kupanda kwa Karani Mkuu, kisha kwa Hakimu Mkazi Mfawidhi, mkuu wa mahakama yetu, ndipo liende kwake. Kesho yake asubuhi nilisimama nje ya mlango wa Msajili nikijaribu sentensi yangu ya kwanza kimoyomoyo, hadi mhudumu akaniuliza kama ninaumwa.

Msajili alikuwa akinywa uji katika kikombe cha bati. Mtu mwembamba, sauti nzito.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mzee."

"Basi keti. Anayesimama ni aliyetumwa."

Nikaketi. Nikamweleza, vibaya, nikirudi nyuma kila mara kurekebisha nilichosema. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza rufaa inahusu nini hasa. Nikasema ng'ombe na matunzo.

"Wanabishania kama wameoana?"

"Hapana."

"Sasa Jaji atakifanya nini cheti cha ndoa? Niletee amri yenyewe, viapo walivyoapa wote wawili kuhusu mali, na sababu za rufaa. Jaji akitaka zaidi ataagiza. Jalada lenu libaki kwenu, shauri liendelee." Akaweka kikombe chini. "Utazileta lini?"

"Nikizipiga vizuri, mzee, labda..."

"Sikuuliza kuhusu vizuri. Jaji yupo wiki hii na ijayo. Baada ya hapo anakwenda kwenye vikao vya kesi za mauaji nje ya mkoa, na sijui atarudi lini. Utazileta lini?"

"Kesho," nikasema.

Nilizipiga siku ile ile. Nilipokosea neno la kwanza mkono ulikwenda wenyewe kuchomoa karatasi. Nikauzuia. Nikakata neno kwa mstari, nikaandika la kweli juu yake, nikaweka saini ndogo pembeni. Nilijiona kama mtu anayetembea mjini bila shati. Mahali mwandiko wa hakimu ulipokataa kusomeka nilikwenda kumuuliza, jambo ambalo kwa woga sikuwahi kulifanya, naye akanisomea bila hata kuinua kichwa. Kazi niliyokuwa nimeihesabia mwezi iliisha kabla ya ofisi kufungwa.

Ikabaki saini. Nakala hazina nguvu bila mkuu wa mahakama kuthibitisha kwamba zinalingana na maandishi ya hakimu. Nikaingia kwa Hakimu Mfawidhi, mtu mkubwa wa mwili, mpole kwa kila mtu ila kwa asiyefuata utaratibu.

"Nimesikia umepanda juu," akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Umepita juu ya kichwa changu. Na sasa umeshuka, unataka saini yangu."

Nikamwekea karatasi mezani. Alizisoma moja moja. Kila alipofika kwenye neno lililokatwa alisimama.

"Karatasi hizi ni chafu."

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Zina kosa?"

Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe niliulizwa hivyo nikawa na jibu. "Ni chafu, lakini hazina kosa."

Akatia saini, akagonga muhuri. "Habari zako tutazizungumza baadaye," akasema, na alitimiza neno lake.

Rufaa ilisikilizwa wiki iliyofuata, ofisini kwa Jaji. Msajili aliniagiza nikae nje ya mlango, neno lisiposomeka niitwe. Na kweli niliitwa. Neno lilikuwa jina la kijiji, nililokuwa nimelikata na kulirekebisha. Nililisoma, nikageuka nitoke, lakini hakuna aliyeniruhusu, nikabaki nimesimama ukutani. Ndiyo maana nilisikia.

Jaji alikuwa mzee wa maneno machache. Alimsikiliza wakili wa mume, aliyeeleza kwa ufasaha kwamba mali ya ndoa isihamishwe kabla ya kugawanywa. Akamsikiliza Mama Anaeli, ambaye hakuwa na wakili. Kisha akamgeukia mume.

"Nani anakamua?"

Yule bwana hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akamtazama wakili wake. Wakili akatazama karatasi.

"Mama yangu, mheshimiwa. Siku nyingine kijana tuliyemwajiri."

"Anatoa kama zamani?"

"Amepungua kidogo. Ng'ombe yule ana hasira."

"Hana hasira," Mama Anaeli akasema, polepole. "Anasubiri. Mheshimiwa, samahani, sikuulizwa."

"Endelea."

"Mimi namwimbia. Mama mkwe ni mgonjwa wa mgongo, hawezi kuinama sawasawa, na simlaumu. Kijana anakamua kama anayefungua bomba."

"Ukipewa utamweka wapi? Hapa mjini unapanga chumba."

"Kwa kaka yangu, mheshimiwa. Banda lipo, na mabingobingo yapo. Mimi na watoto tutahamia huko huko."

Jaji akavua miwani. "Baba," akamwambia mume, na sauti yake haikuwa ya ukali, "hakimu alisema mali ibaki ilipo ili isipotee. Lakini hii inapotea ikiwa papo hapo. Ukiendelea kuing'ang'ania, siku ya kugawana utagawana ngozi."

Akaamuru ng'ombe akabidhiwe kwa Mama Anaeli mpaka shauri liishe, na ndama atakayezaliwa ahesabiwe kuwa wa wote wawili. Matunzo ya fedha aliyaacha yalivyokuwa. Hakumpa kila alichoomba. Alimpa kile ambacho kisingeweza kusubiri. Nilisikia baadaye kwamba maziwa yalirudi, si yote, lakini yalitosha jioni hadi alipoachwa kukamuliwa azae. Na kwa kuwa jalada lilikuwa halijatoka masjala, shauri la talaka halikulala hata siku moja. Liliamuliwa kabla ndama hajaachishwa kunyonya.

Uhamisho wangu ulifika muda si mrefu. Nilipelekwa Mahakama ya Mwanzo magharibi ya mlima, kwa wakulima wafugaji, ambako hakimu alisikiliza na kuandika kwa Kiswahili na nusu ya wadaawa, yaani wenye mashauri, walizungumza Kimaa kwanza. Ilisemwa ni mahitaji ya kazi. Nilijua ni adhabu, na kwa miezi ya kwanza nililia kama mtoto, nikiamini kwamba nimejiharibia maisha. Nasema haya wazi kwa sababu vijana huambiwa kwamba ukitenda jema utalala vizuri. Mimi sikulala. Nilitenda jema na nikaendelea kuogopa, na kazi ikaendelea kufanyika hivyo hivyo.

Baada ya muda Hakimu Mfawidhi yule alistaafu. Aliyempokea alikuta Msajili anadai nakala chache badala ya majalada mazima kila rufaa inapokuwa ya amri ya muda, akakubali, na masjala wakauita utaratibu huo "jalada dogo". Mimi nikarudishwa mjini, safari hii huko huko juu, katika masjala ya Mahakama Kuu. Nilipokea majalada madogo mpaka nywele zikageuka nyeupe. Sitawadanganya kwamba yalileta neema tupu. Waume wenye mawakili walijifunza kuyatumia pia. Amri iliyompa mwanamke matunzo leo iliweza kuondolewa kabla hajalipa kodi ya pango ya mwezi wa pili. Haraka haichagui mtu. Baadaye rufaa dhidi ya amri za muda zikabanwa katika mashauri mengi, kwa sababu watu walikuwa wakizitumia kuchelewesha. Naielewa sababu hiyo. Lakini nilikaa dirishani, na najua kwamba mlango ukifungwa kwa ajili ya wanaochelewesha, unafungwa pia kwa yule ambaye kitu chake kinakauka.

Nimestaafu sasa, ninaishi Lemara ile ile. Mwezi uliopita tulialikwa kwenye kipaimara cha mjukuu wa jirani. Nilikalishwa karibu na bibi mmoja aliyevaa kitambaa cheupe cha umoja wa wanawake wa kanisani, na mwenye nyumba alipotaja kwamba nilifanya kazi mahakamani, bibi akageuka.

"Nilikuwa na shauri pale zamani, miaka ya ruksa," akasema. "Yule Jaji aliyeuliza nani anakamua, yupo?"

Nilimtambua kwa sauti. Yeye hakunitambua.

"Alifariki, mama. Siku nyingi."

"Mungu amweke pema. Wanangu walisoma kwa swali lake." Alikata kipande cha ndizi, akakitafuna taratibu. Nilitaka kumweleza. Maneno yalifika kooni, karatasi, saini, uhamisho, yote. Nikayameza pamoja na pilau.

"Na wewe baba, ulikuwa nani pale?"

"Karani. Nilikuwa napeleka karatasi juu."

"Hiyo tu? Mpaka wakakustaafisha?"

"Hiyo tu."

Akanisukuma kwa kiwiko, akacheka hadi jirani yake akageuka. "Kumbe serikali ina kazi nyepesi."

"Ni nyepesi, mama," nikamwambia, "karatasi zikifika mapema."